Hazina Ndani ya Hazina: Historia ya Tatizo Lililotupotezea Simulizi za Bwera

Utangulizi

Mwaka jana wanafunzi wanne wa darasa letu tulikubaliana kukusanya simulizi za wafanyabiashara wa zamani na maneno ya Kiswahili wanayoyatumia sokoni. Kila mmoja alipewa eneo lake. Mimi, kwa kuwa ni mzaliwa wa Bwera, nilipewa Bwera na soko la Mpondwe, pale ambapo barabara ya kutoka Kasese inaishia mpakani na upande wa pili ni Kasindi, Kongo. Kiswahili cha pale hakifundishwi darasani. Kinavuka daraja pamoja na maharagwe, vitenge na mafuta ya mawese.

Wakati wa likizo nilizungumza na wazee kumi na mmoja. Saba walikubali niwarekodi kwa simu. Wanne walikataa, na maneno yao niliyaandika papo hapo kwenye kompyuta yangu mpakato. Ndugu yangu anayesomea teknolojia ya habari alinifundisha kutumia Git, mfumo unaohifadhi kila badiliko la faili pamoja na tarehe yake. Niliufurahia kwa sababu wazee hujisahihisha. Mmoja aliniambia mwaka alioanza biashara, kisha kesho yake akaniita nikiwa napita: "Mjukuu wangu, jana nilikudanganya bila kukusudia. Nilianza baada ya kuoa, si kabla." Nikabadilisha, na Git ikatunza matamshi yote mawili, la jana na la leo.

Tuliporudi chuoni nililiweka folda la Bwera ndani ya hazina ya kikundi, nikatuma kila kitu mtandaoni, nikaenda kula. Wiki kadhaa baadaye kompyuta yangu iliibiwa safarini. Sikulia sana, kwani niliamini kazi iko salama. Wenzangu walipofungua hazina ya kikundi walilikuta folda la Bwera limeandikwa jina vizuri, na ndani yake hamna kitu.

Makala haya yanaeleza kwa nini folda lile lilikuwa tupu. Jibu fupi ni kwamba niliweka hazina ndani ya hazina, na hazina ya nje haikuchukua yaliyomo katika ile ya ndani. Jibu refu ni la kihistoria. Kwa zaidi ya miaka thelathini watengenezaji wa programu wamekuwa wakijiuliza jinsi kitu chenye historia yake kinavyoweza kuishi ndani ya kitu kingine chenye historia yake. Ninadai kwamba kila jibu walilolitoa lilikuwa uamuzi juu ya swali ambalo sisi wanafunzi wa historia tunalijua: nani atatunza kumbukumbu za sehemu, yule mkubwa au sehemu yenyewe?

Maana ya maneno

Nitatumia maneno machache kwa maana maalumu. Hazina ni folda ambalo mfumo wa kudhibiti matoleo unalisimamia. Ina mambo mawili: faili unazoziona, na historia ya faili hizo. Kumbukumbu ni picha moja ya hali ya faili zote kwa wakati fulani, pamoja na jina la aliyeihifadhi, tarehe na maelezo mafupi. Kila kumbukumbu katika Git hupewa namba-tambulishi, kwa kawaida yenye herufi na tarakimu 40. Hazina mama ni ile ya nje, na hazina mtoto ni ile iliyomo ndani yake.

Jambo muhimu ni kwamba katika Git historia yote hukaa ndani ya folda moja lililofichwa, linaloitwa .git. Folda lolote lenye .git ndani yake ni hazina kamili. Likihamishwa linahama na historia yake. Hapo ndipo uzuri wake ulipo, na hapo ndipo mkasa wangu ulipoanzia.

Kutoka faili moja hadi mradi mzima

Mifumo ya mwanzo haikuwa na tatizo hili kwa sababu haikujua mradi ni nini. Marc Rochkind alitengeneza SCCS katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1972. Miaka kumi baadaye, mwaka 1982, Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue alitoa RCS. Yote miwili ilitunza historia ya faili moja moja. Ni kama mzee wa kijiji anayekumbuka maisha ya kila mtu peke yake lakini hana habari ya ukoo. Ukimuuliza kijiji kizima kilikuwaje siku fulani, itakubidi uunganishe mwenyewe.

Hatua iliyofuata ilitoka Amsterdam. Mwaka 1986 Dick Grune, mwalimu wa chuo kikuu, alitoa hadharani hati ndogo za amri alizokuwa ameziandika ili yeye na wanafunzi wake wafanye kazi pamoja bila kusubiriana. Kazi hiyo ndiyo mwanzo wa CVS. Mwaka 1989 Brian Berliner aliiandika upya, na sababu yake inatuhusu moja kwa moja. Kampuni yake ilikuwa ikifanyia marekebisho msimbo iliyoupata kwa kampuni nyingine, Sun. Kila Sun ilipotoa toleo jipya, kampuni ya Berliner ililazimika kulipokea bila kupoteza marekebisho yake. Yaani walikuwa na kazi ya mtu mwingine ndani ya kazi yao, na kila upande ulikuwa unaendelea kubadilika.

Dawa ya CVS ilikuwa tawi la mtoaji. Unaingiza msimbo wa mwenzako katika hazina yako kama tawi la pembeni, kisha unauchanganya na wako. Kwa dawa hiyo mtoto alihamia nyumbani kwa mama. Faili zake zilikuwa salama, ila historia yake ya awali ilibaki kwa mwenyewe. Ulijua toleo la tatu lilivyokuwa na toleo la nne lilivyokuwa, lakini hukujua nani kule kwa mwenyewe alibadilisha nini katikati, wala kwa nini.

Subversion na ukurasa usiotulia

Mwaka 2000 kampuni ya CollabNet ilianzisha Subversion ili kuchukua nafasi ya CVS. Toleo la 1.0 lilitoka Februari 2004. Subversion ilileta njia tofauti, nayo ni sifa inayoitwa svn:externals. Badala ya kumhamishia mtoto nyumbani, mama huandika anwani tu: katika folda hili, leta faili kutoka hazina ile pale. Anayenakili hazina mama hupata faili za mtoto bila kujua kwamba zimetoka mahali pengine.

Njia hii ilikuwa rahisi, na watu wengi waliitumia. Lakini ilikuwa na kasoro ambayo mwanahistoria ataitambua mara moja. Ukiandika anwani bila kutaja namba ya toleo, mfumo huleta toleo jipya kabisa la mtoto kila wakati, hata pale unapofungua hali ya mama ya miaka miwili iliyopita. Ni sawa na kufungua daftari la kumbukumbu za kikao cha mwaka juzi ukakuta ukurasa mmoja umeandikwa leo asubuhi, tena bila alama ya kukuonya. Subversion iliruhusu kutaja namba ya toleo ili ukurasa utulie, lakini hilo liliachwa kwa hiari ya mtumiaji, na hiari husahaulika.

Hapa tunaona dai la makala haya kwa sura yake ya kwanza. CVS ilichagua usalama wa faili ikapoteza historia ya mtoto. Subversion ilimwachia mtoto historia yake, na mama asiyekuwa makini akapoteza uhakika wa historia yake mwenyewe.

Git na kiungo cha mwaka 2007

Git ilizaliwa kutokana na ugomvi. Tangu mwaka 2002 watengenezaji wa kiini cha Linux walikuwa wakitumia BitKeeper, mfumo wa kibiashara waliopewa bila malipo. Mwaka 2005 ruhusa hiyo iliondolewa. Linus Torvalds akaanza kuandika mfumo wake mwanzoni mwa Aprili, na katika siku chache tu Git ilikuwa inatunza historia yake yenyewe. Julai mwaka huohuo alimkabidhi usimamizi Junio Hamano, ambaye ameuendeleza tangu hapo.

Tofauti kubwa na Subversion ni kwamba Git haina makao makuu ya lazima. Kila nakala ni hazina nzima yenye historia yote. Kwa sisi tunaoishi mahali ambapo intaneti hununuliwa kwa bando na umeme hukatika bila taarifa, hiyo ni neema. Nilihifadhi kumbukumbu zangu zote za Bwera bila mtandao hata siku moja. Lakini neema hiyo ilikuja na swali: kama kila folda lenye .git ni hazina kamili inayojitegemea, mama afanye nini anapoikuta ndani yake?

Jibu la awali la Torvalds mwaka 2005 lilikuwa kuunganisha. Paul Mackerras alikuwa ametengeneza gitk, programu ya kutazama historia kwa mchoro, katika hazina yake. Torvalds aliichukua hazina hiyo yote na kuichanganya na ya Git, historia mbili zikawa mto mmoja wenye vyanzo viwili. Kwa programu ndogo ilifaa sana. Kwa miradi mikubwa inayotaka kuendelea kujitegemea haikutosha.

Mwaka 2007 likaja jibu la pili. Toleo la 1.5.2 la Git lilijifunza kutambua hazina mtoto kama kitu cha aina yake, na toleo la 1.5.3, lililotoka Septemba, lilileta amri ya git submodule. Kanuni yake ni hii. Mama hachukui faili za mtoto. Anaandika namba moja tu ya tarakimu 40, maana yake: wakati huu, mtoto alikuwa kwenye kumbukumbu hii. Pembeni yake kuna faili dogo liitwalo .gitmodules linalotaja folda la mtoto na anwani ambako hazina yake inapatikana. Anayenakili mama husoma anwani, huenda kwa mtoto, na huomba kumbukumbu yenye namba ileile.

Ukilinganisha na Subversion, hapa ukurasa umetulia, kwa sababu namba haikwepeki. Ukifungua hali ya mwaka 2010 utapata mtoto wa mwaka 2010. Na mtoto bado ana historia yake kamili kwake. Kwa mtazamo wangu hili ndilo jibu la haki kuliko yote yaliyotangulia.

Lakini lina sharti. Namba bila anwani haina faida, na anwani bila kitu mahali hapo haina faida pia. Mimi sikutumia amri ya git submodule. Nililiweka folda langu ndani ya la kikundi na kuliongeza kama folda lolote lile. Git iliona .git ndani yake, ikaandika namba na kuliacha hivyo. Faili la .gitmodules halikuwepo, na hazina ya Bwera haikuwa imetumwa popote. Kilichopanda mtandaoni kilikuwa namba ya tarakimu 40 inayoelekeza kwenye kompyuta moja tu duniani, na kompyuta hiyo ikaibiwa.

Naambiwa kwamba nilionywa, na ni kweli. Tangu toleo la 2.14 la mwaka 2017, Git huandika onyo ndefu kwenye skrini mtu anapoongeza hazina ndani ya hazina kwa njia ile, ikieleza kwamba wanaonakili hazina ya nje hawatapata yaliyomo katika ya ndani. Niliona mistari ya rangi ya njano. Niliona pia kwamba kazi haikukatizwa. Nikadhani ni maneno ya kawaida ya kompyuta. Kwa hiyo silaumu chombo. Nalitaja onyo hilo kwa sababu lenyewe ni ushahidi wa kihistoria: halikuwekwa mwaka 2007, liliwekwa miaka kumi baadaye. Onyo kama hilo haliandikwi kwa ajili ya kosa la mtu mmoja.

Marekebisho mengine yanasimulia hadithi hiyohiyo. Mwanzoni .git ya mtoto ilikaa ndani ya folda lake, na mama alipohamia tawi ambalo halina mtoto huyo, kulikuwa na hatari ya folda kufutwa pamoja na historia. Toleo la 1.7.8 la mwaka 2011 lilianza kuihamishia historia ya mtoto ndani ya .git ya mama, ili folda likiondoka historia ibaki. Mei 2018 nayo ilitangazwa hitilafu ya usalama: mtu mwenye nia mbaya angeweza kumpa mtoto jina la hila, na anayenakili mama pamoja na watoto wake angejikuta anaendesha amri za mwizi kwenye kompyuta yake. Ilirekebishwa katika toleo la 2.17.1. Tangu zamani mgeni anayekuja na mwenyeji huingia bila kupigiwa hodi, na hapo ndipo hila hupita.

Waliokataa njia hiyo

Si wote walioridhika. Mwaka 2009 Avery Pennarun alitoa git subtree, inayorudi kwenye wazo la kuunganisha: faili za mtoto na historia yake huingizwa ndani ya mama, na baadaye mtu anaweza kuzitenganisha tena akitaka kumrudishia mwenyewe mabadiliko. Anayenakili mama hupata kila kitu bila kujua amri yoyote ya ziada. Gharama yake ni kwamba historia ya mama inajaa mambo ya mtoto, na mipaka kati yao huonekana kwa shida.

Google ilikwenda pande mbili kwa pamoja. Kwa Android, ambayo msimbo wake ulitolewa hadharani mwaka 2008, ilitengeneza chombo kiitwacho repo: orodha moja inayotaja mamia ya hazina za Git na mahali pa kila moja. Lakini kwa kazi zake nyingi za ndani Google iliweka karibu kila kitu katika hazina moja. Rachel Potvin na Josh Levenberg walieleza mwaka 2016 kwamba hazina hiyo ilikuwa na mistari ya msimbo ipatayo bilioni mbili na ukubwa wa terabaiti 86. Kampuni moja, majibu mawili yanayopingana. Hilo linanionyesha kwamba hakuna jibu moja sahihi. Kuna kujua unachotaka kukilinda na unachokubali kukipoteza.

Kutoka Mosoriot hadi kliniki zetu

Mtu anaweza kudhani haya ni mambo ya Ulaya na Marekani. Sivyo. Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua uko Afrika Mashariki, katika rekodi za wagonjwa.

Mwaka 2001 katika kituo cha afya cha Mosoriot, magharibi mwa Kenya, ulianza kutumika mfumo mdogo wa kompyuta wa kutunza rekodi za wagonjwa, kazi ya ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Matibabu ya UKIMWI yalipopanuka Eldoret, mfumo ule ulizidiwa. Kutokana na haja hiyo mwaka 2004 ilianzishwa OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa, Burke Mamlin na Paul Biondich wakiwa miongoni mwa waanzilishi. Leo mfumo unaoitwa UgandaEMR, unaotumika katika vituo vya afya vya nchi yetu, umejengwa juu ya OpenMRS. KenyaEMR pia.

Fikiria tatizo lao. Kiini cha OpenMRS ni kimoja kwa dunia nzima. Fomu za Wizara ya Afya ya Uganda ni za Uganda. Za Kenya ni za Kenya. Kama kila nchi ingenakili msimbo wote na kuubadilisha itakavyo, baada ya miaka mitatu zingekuwa programu tofauti, na kosa likirekebishwa Nairobi lisingefika Kampala. Kama yote yangewekwa mahali pamoja, mtu wa Kampala angelazimika kuomba ruhusa ya dunia ili abadilishe fomu ya kliniki ya Kasese.

Suluhisho lao lilikuwa kugawanya. Kiini kina hazina yake, na kila moduli ina hazina yake. Kisha kila nchi huwa na hazina ya usambazaji ambayo sehemu yake muhimu ni orodha: toleo fulani la kiini, toleo fulani la moduli hii, toleo fulani la ile. Hawategemei git submodule kwa kazi hiyo, ila wazo ni lilelile: mama anashika namba, mtoto anashika historia. Tofauti na mimi, wao kila mtoto ana mahali pake panapojulikana, na matoleo yaliyotajwa katika orodha yamechapishwa hadharani kabla ya kutajwa. Mgonjwa hataona jambo hili kamwe. Lakini muuguzi akifungua faili na kuona dawa za mwezi uliopita, ni kwa sababu vipande vingi vyenye historia tofauti vilikubaliana juu ya namba.

Mlimani kwetu

Nilipokuwa nikisoma haya niliendelea kukumbuka historia ya nyumbani. Chini ya utawala wa Waingereza, Bakonzo na Baamba wa milima ya Rwenzori waliwekwa ndani ya ufalme wa Toro, nao Toro ukawa ndani ya himaya ya Uganda. Karatasi za serikali ziliandikwa na kutunzwa Fort Portal na Entebbe. Bwera ilikuwemo katika karatasi hizo, kama jina, mpaka na kodi.

Katika miaka ya 1950 Isaya Mukirania na wenzake walianzisha chama cha utafiti wa historia ya maisha ya Bakonzo. Wengi wanamkumbuka kwa yaliyofuata: wawakilishi wa Bakonzo na Baamba kutoka nje ya baraza la Toro mwaka 1962, kisha kutangazwa kwa ufalme wa Rwenzururu na mapambano ya miaka ishirini hadi makubaliano ya 1982. Serikali iliutambua ufalme huo mwaka 2009. Lakini mimi kama mwanafunzi navutiwa na hatua ile ya kwanza. Kabla ya kudai wilaya walikusanya simulizi. Walitambua kwamba mkubwa aliyekuweka ndani yake anaweza kushika jina lako na mahali ulipo bila kushika historia yako, na kwamba hiyo ni kazi ambayo mwenyewe lazima aifanye na kuiweka mahali inapopatikana.

Sisemi kwamba siasa ni programu ya kompyuta. Watu walikufa kwa ajili ya swali lile, na hakuna aliyekufa kwa ajili ya folda langu. Nasema tu kwamba nilizaliwa mahali ambapo swali hilo liliulizwa kwa sauti, na bado nilipolikuta kwenye skrini, kwa rangi ya njano, sikulitambua.

Hitimisho

Historia niliyoieleza inaonyesha kwamba kila mfumo ulitoa kitu ili upate kingine. CVS ililinda faili ikaacha historia ya asili. Subversion ilileta anwani ikaacha uhakika wa wakati. Git ilileta namba isiyobadilika, ikamwachia mtumiaji jukumu la kuhakikisha kwamba namba hiyo ina mahali pa kuelekea. Kuunganisha kwa subtree hutunza vyote na kufuta mpaka. Kwa kikundi kidogo cha wanafunzi kama chetu, nashauri mambo matatu. Kwanza, kabla ya kuingiza folda la mwenzako, angalia kama lina .git ndani yake. Pili, kama linayo, amua kwa makusudi: ama litumwe kwanza mtandaoni kama hazina inayojitegemea na liingizwe kwa git submodule, ama historia yake iunganishwe kwa git subtree. Usifute .git ili onyo liondoke, kwani faili zitaingia lakini masahihisho yote ya wazee yatapotea. Tatu, baada ya kutuma, nakili hazina upya kwenye kompyuta nyingine na ufungue kila folda. Jaribio hilo lingenichukua dakika tano.

Simulizi saba nilizirudisha kwa kusikiliza tena rekodi za simu. Masahihisho yake sikuyapata. Kwa zile nne nilirudi Bwera likizo iliyofuata. Wazee wawili hawakutaka kurudia. Mmoja alikuwa amehamia kwa mwanawe upande wa Kongo. Wa nne alicheka, akanikaribisha chai, akanisimulia upya tangu mwanzo, na mambo mawili hayakufanana na nilivyokumbuka. Sikuweza kumwonyesha alichosema mara ya kwanza. Nimeandika alichosema mara ya pili, na katika maelezo ya kumbukumbu nimeongeza kwamba kuna simulizi ya kwanza iliyopotea. Hazina ya Bwera sasa ina anwani yake, na wenzangu watatu wamenakili na kuifungua mbele yangu.